Seva Iliyosubiri Wimbi

Wafula, uliniomba mwongozo wa seva kabla sijaondoka na akili zangu. Mwongozo upo. Ni kurasa mbili, nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la mitambo, ule mlango ambao ninyi vijana hamfungui kwa kuogopa mende. Haya ninayokuandikia sasa, nikiwa nimekaa zangu Buhehe na kuku wanaonisumbua kuliko watumiaji wa kompyuta, ni yale yaliyokataa kuingia kwenye kurasa mbili. Kama unatafuta habari za vyeo utachoka bure. Nilipandishwa mara moja, nikapewa kiti cha magurudumu, na gurudumu moja likang'oka kabla sijazoea kuzunguka.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini Busia nimevaa viatu vya kisigino, nikidhani kazi ya kompyuta ni ya kukaa. Mzee Ochwo, fundi mkuu na fundi pekee, alinitazama viatu, uso hakuutazama. Alikuwa mtu wa Nabuyoga, mrefu, mkavu, na kiunoni alining'iniza kishada cha funguo kilichomtangulia kwa mlio kila alikokwenda. Alinipa waya wa mtandao, kichwa chake cha plastiki na koleo la kubania. "Bana kichwa," akasema. Nikabana. Akapima, akakikata, akanirudishia waya. "Bana." Siku nzima ikaenda hivyo. Jioni waya ulikuwa umebaki mfupi kama mkia wa mbuzi, na taa za kipimo zikakubali kuwaka zote. "Sasa wewe naweza kuja kesho," akaniambia kwa Kiswahili chake cha huko kwao, akafunga droo yake kwa ufunguo.

Kazi ya kampuni ilikuwa hiihii unayoijua: lori linafika mpakani, karatasi zake zinaandaliwa, zinachapishwa, zinagongwa muhuri, lori linaondoka. Lori lisilo na karatasi ni nyumba ya dereva tu. Anapika chini yake, anafua, anazoeleka mpaka watoto wa mtaa wanamwita mjomba. Tulikuwa na vyumba vitatu upande wa Uganda na kimoja upande wa Kenya, na antena mbili juu ya mabati zikitazamana. Printa ilikuwa moja, nayo iliishi ofisini kwa meneja, Bwana Simiyu. Ukitaka kuchapa ulibeba flashi mkononi, ukabisha hodi, ukauliza hali ya watoto, ukasikiliza hali ya goti lake, kisha ndipo ukaruhusiwa kuikaribia. Wenzetu wa chumba cha Kenya walivuka mpaka na flashi mfukoni mara nyingi hata askari wakawa hawawaulizi kitu.

Ochwo akaamua kumaliza upuuzi huo. Alichukua kompyuta kuukuu, akaweka Linux, akaweka Samba ili mashine za kila namna ziweze kugawana faili na printa, akaniita nikae karibu. Na mashine zetu zilikuwa za kila namna kweli! Chumba cha Kenya walikuwa na Windows. Sisi tulikuwa na Linux za msaada, zimebandikwa stika za wafadhili mpaka kwenye kioo. Bwana Simiyu alikuwa na Mac aliyoletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, na alikuwa akiitumia hasa kuifungua mbele ya wageni.

Kitu cha kwanza, kompyuta zote zilipaswa kuwa katika kundi lenye jina moja ili zionane kwa urahisi. Ochwo akaandika TORORO, wilaya ya kwao. Chumba cha Kenya wakakataa kuwasha mashine zao. "Hatuwezi kuwa chini ya Tororo, aki! Watu wa Nairobi wakisikia?" Wakapendekeza BUSIA. Akello, karani wetu, Mteso wa Tororo mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, akauliza ni Busia ipi, maana ziko mbili, moja kila upande wa mpaka. Mkutano ukafanyika, chai ikanyweka, mandazi yakaisha. Mwishowe kundi likaitwa MPAKA, kila mtu akarudi mezani akijiona mshindi. Ndiyo maana mpaka leo linaitwa hivyo, Wafula, na usije ukalibadilisha. Huna mandazi ya kutosha.

Kisha yakaja mambo ya ruhusa. Ochwo aliweka folda ya fomu iwe ya kusoma tu, mtu asije akaharibu fomu mama. Banange! Siku hiyohiyo mhasibu alisimama mlangoni, kifua mbele. "Kusoma tu? Mimi ni mtoto wa shule?" Ilibidi kila mtu apewe ruhusa ya kuandika, kwa heshima, na kila wiki fomu mama ikaharibiwa, kwa heshima vilevile. Ochwo akawa anairudisha asubuhi kabla watu hawajafika, wala hakuwaambia. Zaidi ya hapo, kwa Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili, lakini kwa Windows ni kimoja. Akello alikuwa na folda ya "Mizigo" na folda ya "mizigo", na chumba cha Kenya walikuwa wakiona moja tu, halafu wanalia kwamba Uganda inawaficha mizigo. Tangu hapo tukaandika majina yote kwa herufi ndogo.

Mafundisho ya Ochwo yalikuwa machache. La kwanza: "Nakili kwanza." Kabla hujagusa faili ya mipangilio, itolee nakala, hata kama unabadilisha nukta. La pili: "Wewe nabadilisha vitu mbili kwa mara moja, moja naharibika, utajua gani?" La tatu: ukimaliza kuhariri, endesha testparm ikukagulie mipangilio kabla hujaiwasha upya seva, kwa maana seva haina aibu ya kukunyamazia mbele ya meneja. Haya matatu yamenilisha miaka yote. Mengine niliyosoma chuoni nimeyasahau bila hasara.

Basi Bwana Simiyu, baada ya printa kumtoroka ofisini na kuwekwa koridoni, akatafuta njia ya kuitawala kwa mbali. Akaagiza kila kazi itanguliwe na karatasi ya jalada yenye jina la aliyechapa, ili ajue nani anamaliza karatasi. Wiki ya kwanza ikaonekana anayemaliza karatasi ni yeye mwenyewe, na mahubiri ya kanisa lao. Hakuiondoa amri. Watu nao wakaogopa majina yao kuonekana pale, wakaanza kumjia Ochwo mmojammoja, kwa sauti ya chini: "Mzee, niwekee jina lako kwa mashine yangu. Wewe hakuna mtu atakuuliza." Ochwo hakujua kusema hapana. Akaketi kwenye kila kompyuta, akaandika jina lake na nywila yake, akaiambia mashine ikumbuke. Baada ya muda, ofisi nzima ilikuwa ikichapa kwa jina moja. Kila karatasi iliyovuka mpaka kutoka kwetu ilitanguliwa na jalada: ochwo. Mwisho wa mwaka Bwana Simiyu alimsifu mbele ya watu kwa bidii isiyo ya kawaida. Sisi tukapiga makofi, na Ochwo akatazama viatu vyake.

Kisha Ochwo akafa. Aliumwa kidogo, akalazwa, tukapanga kwenda kumwona Jumamosi, akafa Ijumaa. Tulimzika Nabuyoga. Nililia mpaka nikaona haya, mwanamke wa Kisamia nikimlilia mzee ambaye hata si wa ukoo wangu, lakini nililia tu.

Jumatatu tukarudi kazini. Akello akatuma kazi ya kwanza, printa ikanguruma, ikatema jalada: ochwo. Akello akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliikunja polepole, akaiweka kifuani, akaketi.

Wiki iliyofuata, diski ya seva ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, kimya, halafu ko. Wewe unaujua mlio huo, Wafula. Ni diski inayokuaga. Faili zote za wateja zilikuwa mle, mizigo yote iliyokuwa njiani, na malori uwanjani yakisubiri karatasi. Diski ile ikifa, ofisi imefungwa, na sisi sote tunarudi vijijini kuhesabu mihogo. Dawa ilikuwa rahisi: mashine mpya ilikuwepo stoo ndani ya boksi lake. Nywila kuu ya seva aliijua Ochwo peke yake, aliniahidi angenipa akistaafu. Lakini mtu akikaa mbele ya mashine yenyewe anaweza kuiwasha kwa njia ya dharura, akaweka nywila nyingine, akahamisha kila kitu, akafuta jina la marehemu. Kazi ya siku moja. Nikavaa viatu vya chini, nikachukua bisibisi.

Akello alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha seva, mikono kiunoni.

"Ajiambo, nakwenda wapi na hiyo kitu?"

"Kuhamisha seva. Husikii inavyogonga?"

"Nasikia. Lakini hiyo ni nyumba ya marehemu. Wewe navunja mlango ya mtu kabla matanga haijaondolewa?"

Nikacheka. Nilidhani anatania. Nikageuka kuwatafuta wenzangu wanisaidie kucheka, nikawakuta wote wamesimama nyuma yangu: mhasibu mwenye shahada mbili, dereva wa ofisi, mfagiaji. Hakuna aliyecheka. Kwa kina Ochwo, na kwa wengi wetu huku, mtu akifa vitu vyake haviguswi mpaka matanga yaondolewe: ukoo ukae, pombe ya wimbi, yaani ulezi, inyweke, mrithi atajwe mbele ya watu. Kabla ya hapo hata kigoda chake hukisogezi. Na seva ile, kwa hukumu ya ofisi, ilikuwa kigoda.

"Basi nitoe nakala tu," nikasema.

"Kunakili ni kuhamisha kwa woga," akasema mhasibu.

"Kuna diski ya akiba kwenye droo yake!"

Droo ilikuwa imefungwa, na kishada cha funguo kilikuwa Nabuyoga kwa mjane. Nikaenda kwa Bwana Simiyu, nikiamini yeye, mwenye Mac, atakuwa mtu wa zama hizi. Alinisikiliza akipapasa goti. Akasema upande wake hawana sana mambo hayo, hayo ni ya zamani, ni ushamba tu. Kisha akasema, "Lakini wacha kwanza." Nikakasirika, Wafula, nikakasirika mpaka masikio yakawaka moto. Watu waliokuwa wakifungua faili za Ochwo bila hodi alipokuwa hai, wakimharibia fomu kila wiki, leo wamekuwa walinzi wa mlango wake! Ningeweza kuingia kwa siri wakati wa chakula cha mchana. Sikuingia. Diski niliiogopa, lakini Akello nilimwogopa zaidi.

Tukatuma ujumbe Nabuyoga kuuliza matanga yataondolewa lini. Jibu likaja: wimbi likivunwa. Tukasema tutachangia, tutanunua wimbi sokoni. Wazee wakatukasirikia, matanga ya mtu mzima hayaondolewi kwa pombe ya wimbi la dukani, ni wimbi la shamba lake mwenyewe, alilolipanda kwa mkono wake kabla ya kuugua. Nalo lilikuwa halijafika magotini.

Ndipo ofisi yetu ya kutoa mizigo ikageuka kuwa ofisi ya kilimo. Kila asubuhi swali la kwanza lilikuwa mvua. Feni zote zikahamishiwa chumba cha seva, sisi tukatoka jasho ili diski ipoe. Nilikataza faili kubwa, nikakataza nyimbo, na mahubiri ya Bwana Simiyu nikayakataza kwa jina. Yeye alitakiwa kuandika ripoti kwa wakubwa Kampala. Kwenye mstari wa kuhamisha seva akaandika: "Tunasubiri wimbi." Wakubwa wakajibu kwa haraka isiyo kawaida yao, wakiuliza kifaa hicho kinauzwa wapi na kama kiko kwenye bajeti.

Baadaye Bwana Simiyu hakuweza kuvumilia, akanichukua tukaenda Nabuyoga kulikagua. Ungemwona! Koti, tai, viatu vinavyong'aa, ameinama katikati ya shamba, anashika shuke la wimbi kwa vidole viwili na kuliuliza, "Bado?" Mjane wa Ochwo alisimama pembeni amefunika mdomo kwa kanga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Kwa hilo peke yake safari haikupotea bure.

Nasi tulirudi tukiisikiliza diski. Ko, ko. Kimya. Wakati mwingine kimya kilirefuka, ofisi nzima ikaacha kuandika, Akello akasimama mlangoni akanong'ona, "Mzee, vumilia kidogo, wimbi naiva." Halafu ko. Watu wakapumua. Nilikuwa nikimwona mjinga. Siku moja nikajisikia na mimi nikisema, "Vumilia, Mzee," wala chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Wimbi likaiva. Likavunwa, likasagwa, likapikwa, na tukaenda Nabuyoga sote, ofisi ikafungwa, madereva wa malori wakaja pia maana hawakuwa na la kufanya. Wazee wakakaa na mirija yao kuzunguka chungu. Mambo ya nyumba na ng'ombe yakapangwa, kijana mkubwa wa Ochwo akatajwa mrithi, akavishwa kanzu. Kisha kaka wa marehemu, Mzee Owor, akainuka na kile kishada cha funguo mkononi. Kelele zikatulia.

"Kuna hii kazi ya mashine," akasema. "Huyu kijana hajui mashine. Mimi sijui. Nani alikuwa nakaa na marehemu kwa hiyo mashine?"

Wenzangu wote wakanitazama. Nikainuka. "Mzee, ni mimi. Lakini mimi ni Msamia, tena mwanamke, si wa ukoo."

"Kwani mashine iko kabila gani?" akauliza Mzee Owor.

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko akanitia funguo mkononi, akanifumba vidole kwa vidole vyake. Nilikuja pale na maneno yangu ya kejeli yamepangwa, nikayakosa yote. Akello akapiga vigelegele vilivyosikika, nina hakika, mpaka Kenya.

Jumatatu Akello mwenyewe alinifungulia mlango wa chumba cha seva. Nikafungua droo: diski ya akiba, bisibisi yake yenye mpini wa mbao, na karanga zilizoshikana kwa ukuukuu. Nikafanya alivyonifundisha. Nakili kwanza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikaiwasha seva kuukuu kwa njia ya dharura, nikaweka nywila mpya, nikaanza kuvuta faili kwenda mashine mpya, zile za karibuni mwanzo. Diski ikawa inagonga mfululizo. Ilipofika folda za miaka ya nyuma ikasema ko mara moja, ikanyamaza kabisa, na safari hii haikurudi. Folda zile za zamani zilikuwa zote kwenye diski ya akiba. Mzee alikuwa ameniachia sehemu yake.

Nikamaliza mipangilio, nikaikagua kwa testparm, nikaongeza printa, nikapita kompyuta moja baada ya nyingine nikiondoa jina la Ochwo na kuweka la mtumiaji wake. Walilalamika, wakazoea. Malori yakaondoka. Bwana Simiyu akaniuliza kama sasa marehemu amefutwa, nikamwambia kazi imekwisha. Hakuuliza tena.

Sasa nikueleze siku yangu ya kuaga, maana ulikuwepo lakini hukuelewa. Kumbuka nilikwambia unifute kwenye seva nikiwa naona. Ulikataa, ukasema, "Madam, ni kama kukuzika." Nikakaa mwenyewe, nikaandika amri, nikajifuta. Sikutaka shamba la mtu lingojwe kwa ajili yangu, na nywila zote nilikuwa nimekupa nikiwa hai na meno yangu. Kisha nikakumbuka hotuba yangu iko ndani ya seva. Nikajaribu kuifungua, mashine ikaniambia sina ruhusa. Mlicheka mpaka keki ikasahaulika. Mimi nilicheka pia, lakini iliniuma, Wafula, iliniuma hapa.

Akello ndiye aliyesema, "Ngoja, mimi nachapa." Akaenda kwenye kompyuta yake. Printa ikanguruma. Wewe ulikuwa unakata keki. Mimi ndiye niliyefika koridoni, naye akanifuata. Juu ya hotuba yangu kulikuwa na jalada: ochwo.

"Kwangu wewe hukutoa," akasema Akello.

"Sikutoa. Na ulijua?"

"Kila asubuhi nachapa karatasi moja kwa jina yake. Kazi ingine yote kwa jina yangu."

Nilijua. Nilikuwa nikiiona kila asubuhi kwenye kumbukumbu za printa, kazi moja, ukurasa mmoja, kabla watu hawajafika. Sikumwuliza kamwe. Nikachukua karatasi zangu na jalada lake, nikarudi ndani, nikawasomeeni hotuba, nanyi mkalalamika ni ndefu.

Kwa hiyo utakapopitia majina yaliyomo kwenye seva, utakuta moja usilolijua, halina faili, lina ruhusa ya kuchapa tu. Usafi wa kazi unataka lifutwe, na mimi sina tena amri hapo. Siku Akello atakapostaafu, mwulize yeye. Akikubali, lifute. Ila nakili kwanza.